Hakufuta Bondeni

Katika mchezo ule wa televisheni, aliyefungwa ndiye anayechagua kiwanja kinachofuata. Aliyeshinda ana haki moja tu: kabla mwenzake hajachagua, anafuta kiwanja kimoja, anakitaja kwa sauti banda zima lisikie. Kilichofutwa hakichezwi. Katika vilivyobaki, aliyefungwa anachukua anachotaka.

Sheria hiyo niliipenda tangu siku nilipoielewa. Sikuwa nimewahi kuona mahali ambapo mtu akishindwa anaulizwa anataka nini.

Nilikuwa nimefika Kibiti mwaka ule kutoka kwetu delta, kijiji ambacho ukishafika Nyamisati bado una nusu siku ya maji mbele yako. Nilimaliza darasa la saba, nikakaa miaka mitatu nikikata boriti za mikoko na baba, kisha mjomba akaniita nimsaidie kwenye mashine yake ya kukoboa mpunga. Kazi yangu ilikuwa kushona midomo ya magunia. Ilinifaa, maana mashine ikiunguruma hakuna anayetegemea uzungumze. Ubaya ulikuwa pale inapozimwa. Wenzangu walikaa juu ya pumba wakapiga soga, nami nilikuwa nikitafuta pa kuingilia mpaka wanainuka kwenda kunawa. Kuna siku nilihesabu maneno niliyosema tangu asubuhi, yakawa kumi na moja, na manne kati ya hayo yalikuwa ya kumwamkia mjomba na mkewe.

Banda la gemu lilikuwa nyuma ya kijiwe cha bodaboda, upande wa barabara ya Nyamisati. Mwenye banda alikuwa mama wa makamo aliyekaanga mihogo mlangoni. Yeye hakucheza hata siku moja lakini sheria zote alizijua, na ukigusa pedi za mchezo kabla ya kunawa mafuta alikutoa nje. Kulikuwa na televisheni mbili. Moja ilikuwa ya mpira, na foleni yake haikuisha. Nyingine ilikuwa ya mchezo ambao sijui niuite nini kwa Kiswahili; sisi tuliuita wa kurushana.

Wapiganaji wawili wanasimama juu ya kiwanja kinachoelea hewani. Kila pigo linampandishia mtu asilimia, na kadiri zinavyopanda ndivyo anavyokuwa mwepesi, pigo linalofuata linamrusha mbali zaidi. Akirushwa nje ya kioo, juu, chini au pembeni, amepoteza maisha mamoja. Kila mtu ana matatu. Kwa hiyo kiwanja si pambo. Palipo na mbingu fupi, mtu anakufa kwa kurushwa juu hata kama hajaumia sana. Palipo na upana, anapata nafasi ya kurudi.

Viwanja vyetu vilikuwa vitano. Majina yake ya kwenye kioo hayakumhusu mtu, vijana walivipa ya kwao. Jamvi kilikuwa kifupi na tambarare. Pantoni kilikwenda na kurudi. Kibaraza kilikuwa kidogo, wawili mnabanana. Madungu kilikuwa na majukwaa matatu juu yake, kama madungu tunayojenga shambani kulindia mpunga, na mbingu yake ilikuwa fupi. Bondeni kilikuwa kirefu na kitupu, bila jukwaa wala pa kujificha.

Kwa wiki tatu sikushika pedi. Nilisimama ukutani nikitazama. Mtu asiyezungumza ana muda mwingi wa kutazama, na nilianza kuona kitu ambacho wale waliokuwa wakipiga kelele hawakukiona. Walichagua kiwanja kwa kukipenda. Mwingine alichagua Pantoni kwa sababu kina muziki mzuri. Nilinunua daftari, nikachora kila kiwanja kwenye ukurasa wake. Naandika polepole, kurasa tano zilinichukua siku nne. Niliandika mpiganaji gani anafia wapi. Nilipomaliza nilijua kwamba mpiga mishale, ambaye hakuna aliyemtaka kwa sababu ni mwepesi na hana nguvu, angeshinda karibu kila mtu Bondeni. Angesimama mwisho wa kiwanja apige mishale. Adui akifika karibu, angemruka na kwenda mwisho wa pili.

Nilikaa kwenye kiti, nikafungwa mchezo wa kwanza, nikaulizwa nataka kiwanja gani. "Bondeni," nikasema, na pengine hilo lilikuwa neno la kumi na mbili siku hiyo.

Baada ya mwezi hakuna aliyetaka kucheza nami. Sikuwalaumu. "Huyu hapigani, anawinda," alisema mmoja. Mwingine alimwambia mwenye banda, "Mama, mtoe huyu, ananifanya nijione digidigi." Nikikaa kwenye kiti cha kushoto, kiti cha kulia kilibaki kitupu. Nilikuwa nimejifunza viwanja ili nipate pa kuingilia, na kujifunza kwenyewe kukanifungia mlango.

Aliyeketi kile kiti mwishowe alikuwa kijana wa bodaboda, mkubwa kwangu kwa miaka kama mitano. Alikuja na kofia ya pikipiki kichwani, akaivua, akanawa mikono, akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia. Akawageukia wenzake wa mpira.

"Jamani, kumbe huyu ni mtani wangu. Mnamwogopa mtu wa delta? Kwao ardhi yenyewe wanaazima. Maji yakija wanairudisha."

Watu wakacheka. Nami nilicheka, bila sauti.

Kwao na kwetu ni watani, utani wa tangu babu na babu. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu usikasirike, anaweza kuingia kwako akafunua chungu, na wewe una haki hiyo hiyo kwake. Asiyekuwa na mtani, wanasema kwetu, atazikwa na nani? Lakini utani unataka mdomo. Mimi sikuwa nao. Alinirushia maneno kila siku nami nikawa nayatazama yakipita.

"Mtani, ni kweli kwenu mtu akitaka kwenda chooni anangoja maji yapwe?"

Nilitikisa kichwa.

"Anatikisa kichwa. Hajui. Hajawahi kwenda."

Yeye alilitumia jitu nene la rungu, zito, lenye kuruka kama gunia. Madungu ndipo palikuwa kwake: anajibanza chini ya majukwaa mishale isimfikie, kisha anakupiga mara moja kwenda juu na mbingu fupi inakumeza. Bondeni jitu hilo lilikuwa halina lolote. Kwa hiyo kila aliponifunga, alifuta Bondeni, tena kwa sherehe. Alisimama kabisa.

"Nafuta Bondeni. Nafuta na mababu wa Bondeni. Nafuta na njia ya kwendea."

Siku moja, mwanzoni kabisa, alikuwa na abiria anamngoja nje akasahau kufuta. Mimi sikuchelewa. Nilichagua Bondeni, nikamzungusha mwisho hadi mwisho kwa dakika zote, jitu lake likipanda asilimia bila kunigusa hata mara moja. Abiria alichoka akaondoka. Mtani wangu aliweka pedi chini akacheka mpaka akashika mbavu.

"Kumbe unajua utani," akasema. "Huna mdomo lakini una kiwanja."

Sijui kama yeye alikumbuka maneno hayo. Mimi niliyaandika nyuma ya daftari. Tangu siku ile tulizungumza hivyo: yeye kwa maneno, mimi kwa kuchagua. Akinitukania kwetu, nilimchagulia Jamvi, ambako jitu lake lilikuwa linateleza ukingoni. Akinisifu, nilimchagulia Pantoni, ambako hakuna mwenye faida. Alielewa. Alikuwa akisema, "Leo amekasirika huyu," na kweli nilikuwa nimekasirika. Kila siku baada ya alasiri, mashine ikishazimwa, nilijiosha pumba haraka nikaenda. Alikuwa mtu mmoja tu, na alinitosha. Nilichoogopa ni siku ambayo kile kiti kitakuwa kitupu tena.

Kisha bibi yake akafariki huko Ikwiriri. Ndiye aliyemlea, mama yake alikuwa ameolewa mbali.

Mjomba alikuwa na lori la kupeleka mchele Ikwiriri siku ya mazishi, nikapanda. Nilivaa kanzu ya mjomba, ndefu kidogo kwangu. Njiani nilikuwa nikijiambia la kufanya, maana nilijua. Kwenye msiba mtani hana ruhusa ya kulia. Kazi yake ni kuwavuruga wafiwa, awaibie jembe la kuchimbia, amwige marehemu, adai chake. Kwetu niliona mara nyingi. Hao ndio wanaowafanya wafiwa waweze kusimama.

Nilikuta watani wengine wameshaanza. Mama mmoja alikuwa amejifunga khanga ya marehemu, ameshika mkongojo wake, anapita kwenye uwanja amekunja kiuno akifoka: "Nani amekula samaki wangu? Mmengoja nife ndipo mle samaki?" Waliokuwa wakilia walijikuta wanacheka na machozi yao usoni. Kule makaburini mzee mmoja alishuka kaburini akakaa, akasema hatoki mpaka apewe kuku, jogoo, si tetea. Wakabembelezana. Mtani wangu alisimama ukingoni na udongo mkononi, akicheka kwa shida.

Mtu aliyekuwa karibu yangu alinigusa bega. "Nawe si mtani? Jembe lile pale. Lichukue ukimbie nalo."

Jembe lilikuwa hatua nne kutoka nilipokuwa. Nililitazama. Niliona macho ya watu wote yatakavyogeuka, na kanzu ya mjomba itakavyonikwaza. Sikwenda.

Tuliporudi nyumbani kwa wafiwa, mtani wangu alinitafuta mkekani. Alikuwa na macho mekundu, lakini uso wake ulikuwa umeshaanza kujiandaa kucheka.

"Mtani. Umekuja."

Akangoja.

"Pole," nikasema. "Mungu amrehemu."

"Amin," akajibu. Alisimama kidogo, kisha akaenda kuwapokea wengine.

Alirudi Kibiti baada ya kama siku kumi. Nilikuwa bandani nilipoona pikipiki yake. Vijana wa mpira wakapunguza sauti ya televisheni. Mwenye banda akamletea muhogo bila kuulizwa na akamwambia akae tu, asijali kunawa. Kila mtu alimwambia pole, kila mtu kwa sauti ya chini, kama anaongea na mgonjwa. Yeye alijibu tumeshapoa, tumeshapoa. Akanawa mikono. Akaketi kwenye kiti cha kulia.

Mchezo wa kwanza tulicheza Pantoni. Alinifunga. Sikujifungisha, mikono yangu ndiyo haikuwa na moyo. Ikawa zamu yake ya kufuta.

Nilingoja asimame. Hakusimama.

"Nafuta Kibaraza," akasema.

Hakuna anayefuta Kibaraza. Kibaraza hakimwumizi wala hakinisaidii. Nilimtazama nikadhani amesahau, maana akili ya mfiwa inasahau. Bondeni kilikuwa wazi kabisa, kidole changu kilikuwa juu yake. Nikaona jitu lake likizungushwa kutoka mwisho hadi mwisho, siku kumi baada ya kumzika bibi yake, watu wakitazama. Nikaona ni unyama. Nikasogeza kidole.

"Madungu," nikasema.

Alinigeukia. "Nini?"

"Madungu."

"Hicho ni changu."

"Najua."

Alicheza. Alinimaliza upesi, maisha yangu matatu kwa yake mamoja. Hakuna aliyepiga kelele. Aliweka pedi juu ya meza, akaipangusa kwa kiganja ingawa haikuwa na kitu.

"Mtani," akasema, akitazama kioo, "pole nimepewa na watu wote wa Ikwiriri. Nimepewa na abiria. Mama huyu kaniambia nisijali hata kunawa. Nikasema ngoja niende kwa yule mchawi wa Bondeni, yeye hajui huruma."

Nilitaka kusema nilidhani umesahau. Nilitaka kusema nilikuonea aibu mbele za watu. Nilipokuwa bado napanga lipi litangulie, alikuwa ameshavaa kofia.

Nilikaa pale mpaka mwenye banda akaja kuzima televisheni. Alikuwa amesikia yote.

"Na wewe nawe," akasema. "Kakuachia wazi mtoto wa watu."

"Nilidhani amesahau."

"Kibaraza?" Alikunja uso. "Mimi sichezi, na najua hakuna mtu anayefuta Kibaraza."

Wiki zilizofuata alipita akipiga honi kwa wenzake nje lakini hakuingia. Niliambiwa yuko na abiria wengi wa Nyamisati, ni msimu. Huenda ilikuwa kweli. Mimi nilikaa kwenye kiti cha kushoto nikacheza na mashine ya gemu yenyewe. Ukicheza na mashine hakuna anayefuta wala anayechagua. Kioo kinazungusha majina na kusimama popote. Mara nyingine kilisimama Bondeni. Nilishinda, na hakukuwa na wa kukereka.

Nyumbani kwa mjomba nilichukua daftari nikaanza kuandika matusi. Sitanii. Nilijiambia kama mdomo hauwezi basi mkono utauzoesha. Niliandika kuhusu jitu lake, kuhusu pikipiki yake, kuhusu watu wa kwao wanavyokula. Mengi yalikuwa mabovu. Moja niliona linafaa: kwamba watu wa kwao hutembea polepole si kwa heshima bali kwa kuwa hawakumbuki wanakwenda wapi. Nililisoma kwa sauti mbele ya magunia mashine ya mpunga ikiunguruma. Nilikuwa nalipigia kelele kwa nguvu zangu zote na hakuna aliyegeuka. Siku ya tatu lilikuwa linatoka bila kukwama.

Nilimwendea kijiweni. Hilo peke yake lilinichukua siku mbili. Alikuwa amekaa juu ya pikipiki na wenzake wanne.

"Tukacheze," nikasema.

Alinitazama, akatazama barabara kama hakuna abiria. "Twende basi. Mmoja au miwili."

Alikuwa mwema njiani. Aliniuliza habari za mjomba, habari za mashine, kama mpunga mwaka huu ni mwingi. Nilimjibu yote. Sikuwa nimezoea kuulizwa habari naye, nikawa natafuta mzaha ndani yake na sikuuona.

Tulicheza Jamvi kwanza. Nikafungwa, na kweli nilifungwa. Nilikaa sawa kwenye kiti nikisubiri afute.

"Chagua tu," akasema. "Sifuti."

Mwenye banda aliacha kukaanga.

"Bondeni," nikasema, kwa sauti ambayo hata wa mpira waligeuka. Nilimpeleka mpiga mishale mwisho wa kiwanja, nikaanza. Sikumhurumia hata kidogo. Nilimpiga akija, nikamruka, nikampiga akirudi. Nilimwacha akaribie kwa makusudi kisha nikamruka tena. Hajawahi mtu kuchezwa vibaya vile katika banda lile. Jitu lake likapaa mara ya kwanza, mara ya pili. Katikati ya mara ya tatu nikalisema lile neno langu, kuhusu watu wa kwao na mwendo wao, lote, bila kukwama, mbele ya watu.

Wa mpira walicheka. Mmoja aligonga ukuta. Mwenye banda alisema, "He, leo kaongea."

Nilimtazama yeye. Alikuwa anatabasamu. Niliwahi kumwona akitabasamu vile kwa abiria anayesimulia jambo refu njiani. Jitu lake likaanguka, maisha ya tatu, kioo kikaandika jina la mpiga mishale. Nilingoja asimame, aite mababu wa Bondeni, aseme delta irudishwe kwa wenyewe.

Aliweka pedi mezani taratibu.

"Umecheza vizuri, kaka," akasema, akanipa mkono.

Nikaupokea. Alichukua kofia yake, akamuaga mama mwenye banda kwa adabu, akatoka. Nilisikia pikipiki ikiwaka na kuelekea upande wa Nyamisati.

Kioo kilikuwa bado kinasubiri. Aliyefungwa alikuwa ameondoka, na mshale mdogo mweupe ulikuwa umesimama juu ya viwanja vyote vitano, vyote wazi. Mwenye banda aliuliza kama naendelea au azime.

Nikamwambia azime.